Ukusanyaji wa kaseti za Super Mario Bros.

Ukusanyaji wa kaseti za Super Mario Bros. ni shughuli ya kutafuta, kununua, kutunza na kukadiria thamani ya nakala za zamani za mchezo wa video Super Mario Bros., ziwe zimetumika au zimekaa bila kufunguliwa. Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 13 Septemba 1985, na ni kati ya michezo ya video iliyouzwa kwa wingi zaidi duniani.

Programu iliyomo ndani ya kaseti hizo ni moja au karibu moja, lakini bei zake hutofautiana mno. Kaseti iliyotumika huweza kuuzwa kwa dola za Marekani 10 hadi 20 hivi, ilhali nakala moja ambayo haijafunguliwa iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 2. Tofauti hiyo haitokani na mchezo wenyewe, bali na umri wa chapa, hali ya boksi, ukamilifu wa seti na ushahidi kwamba nakala ni halisi.

Katika Afrika ya Mashariki, ukiwemo mji wa Mpanda na mkoa wa Katavi nchini Tanzania, mchezo huu ulifahamika hasa kupitia mashine za kuiga zilizounganishwa na runinga. Kaseti za mashine hizo zinafanana kwa mbali na zile za Nintendo, lakini hazina bei inayotajwa katika habari za minada. Kutojua tofauti hiyo kunaweza kumtia hasara muuzaji au mnunuzi.

Mchezo

Super Mario Bros. ni mchezo wa majukwaa, yaani mchezo ambao mchezaji humwongoza mhusika anayekimbia, kuruka mashimo na kupanda juu ya majukwaa ili kufika mwisho wa kila hatua. Mhusika mkuu ni Mario, fundi bomba mwenye masharubu. Mchezo una dunia 8, kila dunia ina hatua 4, hivyo jumla ni hatua 32. Ulibuniwa na Shigeru Miyamoto pamoja na Takashi Tezuka, na muziki wake ulitungwa na Koji Kondo.

Programu nzima ina ukubwa wa kilobaiti 40 tu: 32 za maelekezo na 8 za picha. Haina betri ya kuhifadhi alama. Kwa sababu hiyo kaseti ya Super Mario Bros. haiathiriwi na betri kuisha, jambo linalozipata kaseti za michezo mingine ya wakati huo kama The Legend of Zelda.

Kaseti na mashine zake

Kaseti ya mchezo ni kasha la plastiki lenye bodi ndogo ya saketi ndani yake. Juu ya bodi kuna chipu zenye programu, na ukingoni kuna pini bapa za shaba zinazoingia katika mashine. Watu wengi huiita kaseti kwa kuwa huchomekwa kama kaseti ya redio, ingawa ndani hakuna utepe.

Zipo aina mbili kuu za mashine za Nintendo zilizotumia mchezo huu:

Family Computer, au Famicom, iliyouzwa Japani kuanzia tarehe 15 Julai 1983. Kaseti zake ni ndogo, huwa za rangi mbalimbali, na zina pini 60.

Nintendo Entertainment System, au NES, iliyoanza kuuzwa mjini New York mwezi Oktoba 1985, kisha kwingineko Marekani na Ulaya. Kaseti zake ni kubwa, za rangi ya kijivu, na zina pini 72. Mashine hii ina chipu ya kufuli: kaseti isiyo na chipu inayolingana nayo hukataliwa.

NES za Ulaya zilitengenezwa kwa mfumo wa runinga wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde, ilhali za Marekani na Japani zilitumia mfumo wa NTSC wenye picha 60. Tanzania nayo ilitumia PAL katika runinga za analojia. Kaseti ya Marekani kwa kawaida haichezi katika NES ya Ulaya kwa sababu chipu zao za kufuli hazilingani.

Wingi na uhaba

Zaidi ya nakala milioni 40 za Super Mario Bros. ziliuzwa, nyingi zikiwa ndani ya boksi moja na mashine. Kwa hiyo mchezo wenyewe si adimu hata kidogo.

Mfano wa kaseti adimu kweli ni ile ya mashindano ya Nintendo World Championships ya mwaka 1990, ambayo ndani yake imo sehemu ya Super Mario Bros. Zilitolewa 116 tu: 90 za kijivu na 26 za rangi ya dhahabu. Ukigawanya milioni 40 kwa 116, unaona kwamba kwa kila kaseti moja ya mashindano kuna nakala zipatazo 345,000 za Super Mario Bros. ya kawaida. Kaseti ya mashindano ina thamani kubwa hata ikiwa tupu na yenye mikwaruzo. Super Mario Bros. huwa na thamani kubwa pale tu inapokuwa katika hali ambayo nakala nyingine milioni 40 hazinayo.

Mambo yanayoamua thamani

Ukamilifu

Wakusanyaji hugawa nakala katika makundi matatu. La kwanza ni kaseti tupu, isiyo na kitu kingine. La pili ni seti kamili, yaani kaseti pamoja na boksi na kitabu cha maelekezo. La tatu ni nakala isiyofunguliwa, ambayo bado imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Kaseti ya plastiki hudumu, lakini boksi la karatasi lilikuwa la kutupwa. Kwa hiyo mara nyingi boksi safi huwa na bei kubwa kuliko kaseti iliyomo.

Chapa

Nakala za kwanza kabisa za NES hazikufungwa kwa nailoni, bali kifuniko cha boksi kilibandikwa stika ndogo ya mviringo. Mwishoni mwa mwaka 1986 yalianza kutoka maboksi yaliyofunikwa nailoni. Baadhi ya maboksi ya miaka hiyo yana kipande cha karatasi upande wa nyuma cha kutungikia dukani. Kaseti za mwanzo za NES zilifungwa kwa skrubu 5 za kawaida, za baadaye kwa skrubu 3 zinazohitaji bisibisi maalumu. Nembo ya ubora ya Nintendo kwenye bidhaa za Marekani ilikuwa ya duara, na kuanzia mwaka 1989 ikawa na umbo la yai.

Kaseti zilizounganisha michezo ni za baadaye. Ile yenye Super Mario Bros. na Duck Hunt ilianza mwaka 1988, na yenye michezo mitatu, World Class Track Meet ukiwa wa tatu, ilifuata mwaka 1990. Hizo ndizo nyingi zaidi sokoni na kwa kawaida ndizo za bei ya chini.

Hali

Huangaliwa kama lebo imechanika au imepauka, kama plastiki imegeuka manjano kwa jua, kama kuna jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu, na kama pini zina kutu. Kwa boksi huangaliwa pembe, mikunjo, unyevu na alama za stika ya bei ya duka.

Uhalisi na asili

Nakala yenye risiti, au yenye historia inayoeleweka ya nani aliinunua na iliwekwa wapi, huaminika zaidi. Nakala iliyouzwa kwa dola 660,000 mwezi Aprili 2021 ilikuwa imenunuliwa mwaka 1986 kama zawadi ya Krismasi, kisha ikasahaulika katika droo ya meza kwa miaka 35.

Madaraja

Zipo kampuni za Marekani ambazo hulipwa ili zichunguze nakala, ziipe daraja na kuifungia ndani ya kasha gumu linaloonyesha. Kampuni ya VGA hutumia kipimo cha hadi 100. Kampuni ya Wata Games, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2018, ilitumia kipimo cha hadi 10 kwa boksi, pamoja na herufi kwa ajili ya kifungio, A++ ikiwa ya juu kabisa.

Daraja humsaidia mnunuzi aliye mbali ambaye hawezi kuishika nakala mkononi. Hata hivyo nakala iliyofungiwa ndani ya kasha haiwezi kuchezwa wala kusomwa kitabu chake. Baadhi ya wakusanyaji hupinga desturi hiyo kwa sababu hiyo.

Minada ya 2019–2021 na mabishano

Bei za Super Mario Bros. zilipanda kwa kasi katika muda mfupi. Mwezi Februari 2019 nakala ya stika, yenye daraja la 9.4, iliuzwa kwa dola 100,150. Mwezi Julai 2020 nakala nyingine ilifikia dola 114,000 katika mnada wa kampuni ya Heritage Auctions. Mwezi Aprili 2021 ilifuata ile ya dola 660,000, na mwezi Agosti 2021 nakala nyingine iliuzwa kwa dola milioni 2 kupitia jukwaa la Rally, ambalo watu wengi hununua hisa ndogondogo za kitu kimoja.

Kati ya mauzo hayo mawili ya mwisho, mwezi Julai 2021, nakala ya mchezo wa baadaye, Super Mario 64 wa mwaka 1996, iliuzwa kwa dola milioni 1.56. Mauzo hayo yalishangaza wakusanyaji wengi, kwa kuwa mchezo huo uliuzwa kwa mamilioni na nakala zisizofunguliwa zilijulikana kuwapo.

Wakosoaji walidai kwamba bei hizo zilikuzwa na watu wachache wenye maslahi pande zote mbili, wa kupanga madaraja na wa kuuza. Mwezi Mei 2022 baadhi ya wateja waliifungulia Wata Games kesi ya pamoja huko California. Kampuni zilizotajwa katika mabishano hayo zilikanusha kufanya kosa lolote. Baada ya mwaka 2021 bei za nakala zisizofunguliwa zilishuka kwa jumla.

Bei hizo za juu zinahusu nakala chache sana. Bei ya kaseti tupu haikufuata mwendo huo.

Katika Mpanda na mkoa wa Katavi

Mwaka 1985 Mpanda ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda, na kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi 1,152,958.

Katika miaka ambayo nakala za thamani zilikuwa zikiuzwa madukani Marekani, yaani 1985 hadi 1987, Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha runinga. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara matangazo yalianza mwaka 1994 kwa vituo binafsi, na Televisheni ya Taifa ikafuata baadaye. Miaka ya 1980 ilikuwa pia ya uhaba wa fedha za kigeni, na bidhaa za anasa kutoka nje zilikuwa chache. Mpanda yenyewe kwa muda mrefu ilitegemea jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na njia yake kuu ya mizigo ilikuwa tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210 hivi.

Hivyo hapakuwa na duka Mpanda lililoweza kuuza NES wakati ikiwa mpya. Nakala ya Marekani ya wakati huo ambayo haijafunguliwa, ikionekana leo katika mkoa wa Katavi, ingebidi iwe imeletwa na msafiri au imenunuliwa baadaye. Mwenye kuiuza anapaswa kueleza ilikotoka, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Baada ya biashara kufunguliwa na runinga kuenea, ziliingia mashine za kuiga Famicom zilizotengenezwa Asia, bila ruhusa ya Nintendo. Aina hiyohiyo ya mashine ilienea Urusi kwa jina la Dendy na Poland kwa jina la Pegasus. Nchini Tanzania bidhaa kama hizo huingia hasa kupitia maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, kisha husafirishwa mikoani. Kaseti zake ni za pini 60 na mara nyingi zina michezo mingi pamoja. Lebo huweza kutangaza maelfu ya michezo, lakini ukihesabu unakuta ni michezo michache iliyorudiwa kwa kuanzia hatua tofauti. Super Mario Bros. ni miongoni mwa iliyomo mara kwa mara, kwa kuwa ni midogo na huingia kwa urahisi katika chipu.

Baadaye mashine za PlayStation zilichukua nafasi kubwa katika vibanda vya gemu, ambako vijana hulipa ili kucheza kwa muda fulani.

Mtumba si lazima uwe feki. Vyombo vya umeme vilivyotumika huingia Tanzania kutoka Ulaya na nchi za Ghuba, na kaseti halisi ya PAL inaweza kuwamo. Lakini kaseti ya namna hiyo, ikiwa tupu, ni ya bei ya kawaida.

Kutambua nakala bandia

Dalili zifuatazo husaidia, ingawa hakuna hata moja inayotosha peke yake:

Pini. Kaseti ya pini 60 haiwezi kuwa ya NES. Ni ya Famicom halisi au ya mashine ya kuiga.

Bodi. Bodi halisi ina jina la Nintendo na chipu zenye miguu iliyochomelewa. Bodi ya kuiga mara nyingi ina tone jeusi la gundi ngumu lililofunika chipu. Bodi ya NES ya Super Mario Bros. ni ya aina ya NROM-256.

Lebo. Chapa bandia huwa na herufi zenye ukungu, rangi zilizokolea kupita kiasi au makosa ya tahajia. Kaseti yenye lebo ya “michezo 9999999” si ya Nintendo.

Nailoni. Boksi la NES lililofungwa kiwandani kwa nailoni lina mshono wa mlalo upande wa nyuma, unaofanana na herufi H. Boksi lililofunguliwa likafungwa upya dukani mara nyingi halina mshono huo.

Boksi jipya. Siku hizi huchapishwa maboksi ya kuigiza kwa ajili ya kupamba rafu. Kuyauza kama ya mwaka 1985 ni udanganyifu.

Nchini Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na masuala ya bidhaa bandia husimamiwa na Tume ya Ushindani.

Kukadiria bei

Utaratibu unaotumiwa na wakusanyaji ni kutambua kwanza toleo, kisha ukamilifu, kisha hali, na mwisho kutafuta bei ambazo nakala zinazolingana nayo zimeuzwa kweli. Bei anayotaja muuzaji si ushahidi, kwani yeyote anaweza kutaja kiasi apendacho. Bei iliyokwisha kulipwa ndiyo kipimo. Tovuti ya PriceCharting hukusanya bei za namna hiyo na kuzitenga kwa kaseti tupu, seti kamili na nakala mpya.

Chukulia kwamba mkazi wa Mpanda ana kaseti ya kijivu ya pini 72 yenye Super Mario Bros. na Duck Hunt, lebo imechanika, boksi halipo. Toleo ni la mwaka 1988 au baadaye, na ni kati ya yaliyo mengi zaidi. Nakala safi ya aina hiyo huuzwa kwa dola 10 hivi, na lebo iliyochanika huishusha. Ukitoa gharama ya kuituma ng'ambo na makato ya soko, hakuna kinachobaki. Kaseti hiyo ina faida zaidi kwa mtu wa karibu anayetaka kuicheza.

Ikiwa kaseti ni ya pini 60 na ya kuiga, haina bei ya mnada. Anayeahidi kuiuza ng'ambo kwa mamilioni, kisha akaomba kwanza ada ya uchunguzi au ya usafirishaji, anapaswa kutiliwa shaka.

Utunzaji

Pini husafishwa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti isiyo na rangi, kisha huachwa zikauke kabla ya kaseti kuchomekwa. Desturi ya kupuliza kaseti kwa mdomo ilienea duniani kote, lakini Nintendo ilionya dhidi yake, kwa kuwa unyevu wa mate huleta kutu kwenye shaba. Kaseti ikifanya kazi baada ya kupulizwa, mara nyingi ni kwa sababu imetolewa na kuchomekwa upya.

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na kiangazi chenye vumbi. Maboksi na vitabu huhitaji kuwekwa mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na jua na mchwa. Chombo cha plastiki chenye kifuniko kinatosha. Lebo haifai kufutwa kwa maji wala kuongezewa gundi, kwani ukarabati wa namna hiyo hushusha thamani.

Umuhimu wa kihistoria

Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa kununuliwa madukani. Kwa michezo mingi, nakala za mitumba ndizo njia halali iliyobaki ya kuiona kama ilivyokuwa. Super Mario Bros. yenyewe haimo hatarini, kwa kuwa Nintendo imeitoa tena mara nyingi katika mashine za baadaye.

Hali ni tofauti kwa mashine za kuiga na kaseti zake. Watengenezaji wake wengi hawakuandika majina yao, na zenyewe hutupwa zikiharibika. Hata hivyo ndizo zilizowafundisha watoto wengi wa Afrika ya Mashariki kushika pedi kwa mara ya kwanza. Mwenye nayo huihifadhia historia yake kwa kuandika mambo machache na kuyaweka pamoja nayo: mwaka iliponunuliwa, mji, bei, na michezo iliyomo. Maelezo hayo hayaongezi bei ya kaseti sokoni, lakini yakipotea hakuna kiwanda wala kampuni itakayoweza kuyatoa.